Alivyotoka Shimoni Tukiwa Tumefumba Macho

Filamu yoyote ya maajabu, yenye majoka na wachawi na panga zinazowaka moto, itazame kwanza bila sauti. Zima spika kabisa, kaa peke yako na kikombe chako cha chai, uangalie midomo inavyochezacheza bila kusikia neno hata moja. Ukifika mwisho na bado hujui nani alitaka nini, iache, hiyo itakuaibisha mbele za watu. Lakini ukiweza kuisema kwa vidole vitatu, kwamba mtu alitoka nyumbani, akateseka njiani, akarudi akiwa mtu mwingine, shika kipaza sauti uende kibanda cha video ukaitafsiri bila hofu.

Najua mnacheka. Nyinyi vijana wa leo mnatafsiri filamu kwenye simu: mnakata kipande cha dakika moja, mnatia maneno ya kuchekesha, mnatuma. Sina ugomvi nanyi. Mjukuu wangu hunionyesha vipande vyenu na mimi hucheka mpaka machozi. Ila nikimwuliza huyu mtu anayekimbia katoka wapi na anakwenda wapi, hajui, na nina wasiwasi kwamba hata aliyekitafsiri hajui. Ndiyo maana nimevaa miwani nikakaa kuandika.

Jina langu ni Enoka. Nilitoka Kivu ya Kusini, nikafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mke wangu Esta, watoto wawili na kiroba kimoja. Kwa miaka mingi nilishika vipaza sauti viwili, ambavyo sisi Wakongo tunaviita mikro. Jumamosi mchana nilishika mikro ya kibanda cha video, nikiwatafsiria watu filamu kwa Kiswahili. Jumapili asubuhi nilishika mikro ya kanisa, nikiwafasiria wahubiri waliotujia kutoka Isingiro wakisema Kinyankore, lugha niliyojifunza nikichunga ng'ombe za watu kule Endiinzi. Ya Jumamosi ilinipa kicheko, ya Jumapili ilinipa heshima. Mtu aliyekuja mikono mitupu, kisha kanisa zima likamwambia kwamba yeye ndiye kinywa chao, hawezi kuichukulia kazi hiyo kama mchezo. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichopata hapa, na nitawasimulia jinsi ile ya Jumamosi ilivyokaribia kunipokonya ile ya Jumapili.

Lakini kwanza ufundi, maana bila huo hamtaelewa kosa langu.

Aliyenifundisha alikuwa askari mstaafu wa Mbarara. Kila mtu alimwita Afande, nami sikuwahi kumwita vinginevyo. Alikuwa na kibanda chake karibu na kambi ya jeshi, kimejaa wake za askari, watoto wao, na askari wenyewe siku za mapumziko. Nilikwenda kwake kununua diski nikakaa siku nne, nikilala kwenye mabenchi yake. Nilimwambia ukweli kwamba Kiingereza changu ni cha kuokoteza na sijui nitatafsirije. Alinitazama kama kuruta aliyepoteza buti.

"Wewe Mukongo, sikia," akasema. "Hii filamu ya uchawi iko kama operesheni. Ya kwanza, watu wako kwa kambi, nakunywa chai, habari mbaya nakuja. Ya pili, naingia musitu, napigwa, napotea. Ya tatu, napiga adui, narudi na gwaride. Hakuna ya ine. Ukiona iko na ya ine, jua umeweka diski ya mutu mwingine."

Wanangu, hiyo ndiyo shule yangu yote. Mengine niliyapata kwa kukosea.

Faida ya kujua uko sehemu gani ni kwamba unajua watu wanasema nini hata usipowasikia. Bibi kizee akimshika kijana mkono mlangoni katika sehemu ya kwanza, anamwambia ajihadhari, na anampa kitu. Sihitaji kamusi. Rafiki akimgeuzia mgongo katika sehemu ya pili, anamwambia kwamba tangu mwanzo hakuamini safari hii. Adui akicheka peke yake akiwa juu ya kiti cha mawe, anaeleza mpango wake, na tena anaueleza mrefu, kwa hiyo una nafasi ya kunywa maji. Nilikosea maneno mengi maishani mwangu, lakini sehemu sikukosea, na watazamaji hawakulalamika.

Sasa niwape mfano wa filamu moja niliyoionyesha mara nyingi kuliko zote. Jina lake la Kiingereza sikulishika vizuri, sisi tuliiita Ya Msichana wa Maji. Kuna kijiji chenye chemchemi. Kuna msichana anayechunga mbuzi, nami nilimpa jina Neema, kwa sababu watazamaji hawashiki majina ya kigeni, na mtu asiye na jina hapendwi. Mfalme mmoja mwenye mikono ya mawe anaiba maji ya nchi nzima, anayafungia chini ya mlima. Chemchemi inakauka. Neema anapewa pembe na bibi yake, anaondoka kuyatafuta maji. Hapo ndipo sehemu ya kwanza inapoishia: anapovuka daraja na daraja linaanguka nyuma yake. Ukiona mtu amevuka kitu na hawezi kurudi, jua umefika kwenye mpaka, pumzisha jenereta. Hapo watu wanakubali kusubiri, wananunua karanga, wanabishana. Ukithubutu kuizima katikati ya sehemu ya pili, hutabaki na benchi hata moja zima.

Siku ya kwanza nilipoionyesha Nakivale, daraja limeanguka, nikaizima jenereta, mzee mmoja mfugaji akasimama nyuma. Aliniuliza kwa utulivu kabisa.

"Na ile mbuzi yake, aliiachia nani?"

Filamu ilikuwa imewasahau mbuzi. Kibanda kizima kikageuka kunitazama, na wafugaji wenzake wakaanza kunong'ona kwamba huyu msichana si mtu wa maana, anawezaje kuondoka na kuacha mifugo bila mtu. Nikaona mambo yanaharibika. Nikasema aliwaachia mjomba wake. Mzee akaketi, ameridhika. Ila mwisho wa filamu, Neema aliporudi kijijini, wakaanza kumtafuta mjomba kwenye picha, na ikabidi nimwonyeshe bwana mmoja mwenye kofia aliyepita kwa mbali akiwa na ndoo. Tangu siku ile nikajifunza kwamba sehemu ya kwanza ni ya kujibu maswali ya nyumbani. Nani anabaki na mama mgonjwa, nani anachunga, nani kaambiwa. Watu wetu wamewahi kuondoka nyumbani wenyewe, na wanajua hakuna anayeondoka hivihivi.

Sehemu ya pili ndiyo ndefu, ni sawa na zile nyingine mbili zikiunganishwa, na ndiyo inayowaua watafsiri wachanga. Wanaongea mfululizo mpaka sauti inakauka. Mimi nilijifunza kuigawa. Nusu yake ya mwanzo ni ya kupata marafiki: Neema anampata askari wa mkono mmoja, na ndege mrefu anayesema. Hapo chekesha utakavyo, tia chumvi, watu wanataka kucheka. Katikati kabisa kuna ushindi wa uongo. Neema anayaona maji, anayagusa, anashangilia, na watazamaji wageni wanaanza kutafuta viatu vyao waende nyumbani. Usiwazuie kwa maneno. Waambie tu kwa sauti ya chini, "Kaeni." Baada ya hapo ni kuteremka tu. Askari anaanguka vitani, ndege anaruka kwenda zake, pembe inavunjika, na Neema anatupwa katika shimo kavu chini ya mlima, peke yake, hajui hata mchana na usiku.

Hapo chini, nyamaza. Afande alikuwa mkali sana juu ya jambo hili. Alisema mtu akiwa shimoni, mtafsiri hana kazi, maana kila aliyekaa kwenye benchi anajua mwenyewe anachosema mtu aliye shimoni. Sehemu ya tatu itaanza yenyewe, mtu akishapata sababu ya kusimama. Itakwenda mbio, na wewe ukimbie nayo: mapambano, maji kutoka, kurudi nyumbani. Usihubiri mwishoni. Zima mashine, waache waende.

Nami nilinyamaza shimoni kila Jumamosi, mara nyingi sana. Kisha ikafika ile moja.

Kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, wengi wakiwa hawajaiona filamu hiyo. Walikuwepo akina mama wa kanisa letu, wafugaji, wauza nyanya, na askari wawili wa Mbarara waliokuja kutembelea ndugu zao. Wiki hiyo tulikuwa na mikutano ya maombi kila siku, nami nilikuwa nimefasiri tangu Jumatatu, sauti imechoka na kichwa kimejaa maneno ya kanisa. Neema akatupwa shimoni. Filamu ikakaa kimya kabisa. Kisha akafanya kitu ambacho alikifanya kila mara na mimi sikuwahi kukitilia maanani: akainamisha kichwa. Mfasiri wa kanisa akiona mtu mbele yake ananyamaza na kuinamisha kichwa, mdomo unafunguka wenyewe. Nikasema ndani ya mikro, kwa ile sauti yangu ya Jumapili, "Tuinamishe vichwa, tuombe."

Wakasimama wote. Kofia zikavuliwa, na wale askari wawili wakavua bereti zao. Mnajua sisi hatuombi mmoja mmoja, kila mtu anapaza sauti yake kwa wakati mmoja. Kibanda kilitikisika. Kuna mama aliyelia kabisa, akimwomba Mungu amkumbuke mtoto wa watu aliye peke yake. Mimi nilisimama nimeduwaa, sijui nizime mashine au niseme amina. Filamu haikungoja. Kwenye picha yule ndege alirudi na kamba ndefu mdomoni, akaifunga kwenye mwamba, Neema akapanda taratibu, mkono kwa mkono. Nilimwona mimi peke yangu. Waliposema amina na kufumbua macho, alikuwa amesimama juu ya mlima, upepo unampiga usoni.

Nyamazeni niwaambie kelele zilizopigwa pale. Watu walikumbatiana. Na hapa ndipo palipo kosa langu lenyewe, maana lile la kwanza lilikuwa uchovu tu. Wote walinigeukia kwa furaha, wakingoja niseme neno. Ningeweza kusema kwamba ndege alileta kamba. Badala yake nikasema, "Mmeona kazi ya maombi?"

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Esta alinipokea mlangoni bila kunisalimia.

"Baba Riziki, ule mutoto musichana alitokaka namna gani mu ile shimo?"

"Kwa kamba," nikamwambia. "Ndege aliileta."

"Na batu banasema ni maombi." Akanisogezea ndoo. "Enda uoge. Wazee batakuita."

Wakaniita Jumatano. Baraza la wazee wa kanisa lilikuwa na watu watano, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Yeremia, mtu mpole nje ya baraza na mgumu akiwa ndani yake. Alikuwa amenifundisha adabu ya kufasiri yeye mwenyewe, nilipokuwa mgeni hapa. Sheria yake ilikuwa moja: anachosema mhubiri, sema hicho. Akikosea, kosea naye. Akirudia, rudia. Wewe si mhubiri wa pili.

"Ndugu Enoka," akaanza, "banasema siku ya posho uliombesha batu juu ya mutu wa filme. Ni kweli ao ni bongo?"

Nikasema ni kweli, Jumamosi ile niliwaombesha. Akataka nimweleze filamu yote, asije akahukumu kitu asichokijua. Basi nikawaeleza. Nilianza kwa hofu, lakini kazi ni kazi, nikajikuta nimesimama. Nikawapa chemchemi, mfalme na mikono yake ya mawe, daraja. Mzee mmoja pembeni akauliza kuhusu mbuzi, nikamwambia kuna mjomba. Nikawapa askari na ndege, ushindi wa uongo, kisha shimo. Hapo nikanyamaza, na wao wakanyamaza. Mama mzee wa mashemasi, aliyekuwa akiandika, aliweka kalamu chini.

"Sasa," Mzee Yeremia akasema, "wewe ulijua namna alitoka?"

"Nilijua. Kwa kamba."

"Njo sababu gani haukubaambia?"

"Walikuwa na furaha, Mzee."

Akatikisa kichwa pole pole. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo liliniuma zaidi.

"Mimi sina shida na filme. Hata kuomba, mutu anaweza kuchoka akakosea. Shida yangu ni moja. Kinywa chenye kinaongezaka maneno siku ya posho, tutajua je kama hakiongezake mu ibada? Hatusikie Kinyankore. Tunasikia weye tu."

Nilifikiri juu ya miaka yote ile niliyosimama mbele yao, na kwamba sasa kila mtu angerudi nyuma na kujiuliza kama alisikia neno la mhubiri au chumvi yangu. Wakakata shauri: mwezi mmoja nisishike mikro ya kanisa. Karani wa Isingiro anayesoma Kiswahili angepelekewa barua, amwandikie kwa Kinyankore mchungaji mkuu, aliyekuwa anakuja Jumapili ile, ili alitangaze yeye kabla ya mahubiri, kama ilivyo desturi. Nikaondoka nikijua kwamba mwezi mmoja utapita, ila mashaka hayatapita.

Jambo moja hatukulifikiria, si wao wala mimi. Mchungaji mkuu alisema Kinyankore tu, na mfasiri alikuwa mimi.

Tulilitambua Jumapili akiwa ameshasimama madhabahuni na karatasi mkononi. Mzee Yeremia akageuka kulia, akageuka kushoto. Hapakuwa na mfasiri mwingine. Akaniashiria kwa kidevu. Nikapanda, nikashika mikro, nikasimama kando ya mgeni.

Mgeni alikuwa na barua za makanisa kadhaa alizokuwa akizizungukia. Akasoma kwamba ndugu Enoka amefanya maombi kuwa mchezo. Nikasema kwa Kiswahili, "Ndugu Enoka amefanya maombi kuwa mchezo." Akasema ameyumbisha imani ya wadogo. Nikasema, "Ameyumbisha imani ya wadogo." Nilimwona Esta kwenye benchi la tatu, ameshika mkono wa Riziki. Kisha mgeni akasoma kwamba kwa hiyo asisimame hapa na kipaza sauti kwa muda wa miezi sita.

Nilisikia vizuri. Baraza lilisema mmoja, naye kasema sita. Katika kanisa lile, aliyejua kwamba imetamkwa sita nilikuwa mimi tu. Ningesema mwezi mmoja, nisingekuwa hata nimedanganya, maana hicho ndicho baraza lilichoamua kwa vinywa vyao. Wazee wangeitikia kwa vichwa na mambo yangekwisha. Nililiweka neno hilo ulimini, nakiri mbele yenu.

"Kwa muda wa miezi sita," nikasema.

Mzee Yeremia akasimama kabla sijateremsha mikro.

"Ngapi?"

"Anasema sita, Mzee."

"Tuliandika mwezi moja. Umuulize."

Nikamgeukia mgeni, nikamwambia kwa Kinyankore kwamba mzee anasema waliandika mmoja. Akazitazama karatasi zake, akazipanga upya, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amesoma mstari wa barua ya kanisa lingine. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilijua uamuzi wa baraza. Nikasema nilijua. Akaniuliza basi kwa nini sikusema mmoja.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Yeremia.

Ikabidi nifasiri, kanisa zima likisikia. "Ananiuliza kwa nini sikusema mmoja, na nilijua ni mmoja."

"Na weye unamujibu nini?"

"Sijamjibu bado. Nataka kumwambia kwamba yeye hakusema hivyo."

Mzee Yeremia alibaki amesimama, mikono yake miwili juu ya fimbo, akinitazama.

"Muambie mugeni aanze mahubiri," akasema mwishowe. "Na weye usitoke hapo. Ile mwezi moja tutaitafutia siku yenye itaanzia."

Akaketi. Wanangu, nimestaafu mikro zote mbili, Mzee Yeremia amekwisha kuwa mtu wa kushikwa mkono akitembea, na siku hiyo bado hawajaipata.